Banjo Isiyojua Kunyamaza

Jumapili, 6 Oktoba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padri. Naliandika hapa kwa sababu nikiendelea kukaa nalo litanitoka siku mbaya, mbele ya watu wabaya.

Bonde zima linasema nina kasi. "Mjukuu wa Clell Vannoy ana vidole vya umeme." Jana walisema tena, nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo. Napiga banjo mbio kwa sababu naogopa nafasi. Ile nafasi ndogo kati ya noti na noti, ambapo hakuna sauti na watu wanapata wasaa wa kukutazama. Nikiiacha, wataniona. Kwa hiyo siiachi. Najaza, najaza, mpaka wimbo uishe, kisha nakimbilia chumba cha nyuma.

Haya. Nimeandika na paa halijaanguka.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mimi na Bi Verdell Grimes. Yeye piano, mimi banjo, wawili tu mbele ya watu, katika ukumbi uliokuwa ghala la chakula cha ng'ombe na ambao mvua ikinyesha bado unanuka pumba. Bi Verdell alipiga jazi miaka mingi kwenye vilabu vya mjini Winston-Salem, kisha akafundisha muziki shuleni, kisha akarudi huku milimani kwenye nyumba ya wazazi wake. Mwezi wa nane alinisikia kwenye chakula cha kanisani nikipiga bluegrass, muziki wetu wa huku, akamwuliza Babu kama anaweza kuniazima. Alimwuliza Babu, si mimi. Kama mtu anayeazima ngazi.

Tutapiga kila Jumamosi mpaka miti ya Krismasi tunayolima huku imalize kukatwa. Onyesho la kufunga ni tarehe 7 Desemba, watu wanakuja mpaka kutoka mjini Boone. Babu alikuwa anapiga kwenye kufunga kila mwaka, hadi mikono yake ilipokakamaa. Banjo ni yake, na kile kiti pembeni ya piano kilikuwa chake. Nakitaka siku ile kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote, na hilo nalo sijamwambia mtu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Mtihani wa kuongea Kihispania. Mwalimu anasema nina kila kitu isipokuwa sauti. Wa Kiingereza alisema hivyo hivyo muhula uliopita. Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu chekechea na nina aibu kwa zote mbili.

Jumapili, 13 Oktoba

Jana tena. Piano ya ukumbini imeshuka chini ya sauti yake na fundi anasema akiipandisha nyuzi zitakatika, kwa hiyo ninayeshuka ni mimi. Nimeshusha nyuzi zangu, nimekaza kibanio shingoni mwa banjo ili nimfuate kwenye sauti anazozipenda yeye, zile ambazo mtu wa banjo hazitafuti kwa hiari yake. Nimefanya yote hayo kimya kimya. Tulipomaliza akanigeukia, watu bado wanapiga makofi.

"Inés, mwanangu, unanijazia nyumba makochi. Nikitaka kupita sina pa kuweka mguu."

Nikasema ndiyo, Bi Verdell. Hiyo ndiyo sentensi yangu kwake. Nina moja tu.

Kwenye pikapu Babu alinuna kwa niaba yangu. Alisema banjo haina kanyagio kama piano, ukiigusa inalia na kufa papo hapo, ndiyo maana vidole huzunguka bila kupumzika. "Banjo ikinyamaza imekufa. Mwambie hivyo."

Nimwambie. Mimi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mazoezi kwa Bi Verdell. Aliniambia niweke mkono wa kulia gotini na nisiingie mpaka anitazame. Akaanza ule wimbo wake wa taratibu. Nikasubiri. Hakunitazama. Ukaisha.

"Unaona?" akasema. "Tumefika mwisho na nyumba ingali imesimama."

Kisha akanipa mkate na jamu ya matofaa kama vile tumefanya mazoezi. Kucha zangu za chuma zilikuwa bado vidoleni, nimevaa vitu vya kupigia banjo kwa ajili ya kushikia mkate.

Jumapili, 20 Oktoba

Jana: makochi.

Jumapili, 27 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kama ningekuwa mtu wa kuongea, ningemwambia Bi Verdell hivi. Kwetu wimbo hauna mwisho ulioandikwa. Watu wanakaa duara, wimbo unazunguka, kila mtu anapata zamu, na unaweza kuzunguka mpaka kahawa ipoe. Anayetaka uishe huinua mguu. Haongei, hasimami, anaunyoosha tu mguu mmoja mbele yake, na duara zima linajua mzunguko huu ndio wa mwisho. Mguu huinuliwa na mwenye wimbo. Mimi sijawahi kuinua wangu, hata siku ya kuzaliwa kwangu waliponipa wimbo. Lakini ukiuona wa mwenzako, unafunga. Vidole vinafunga kabla kichwa hakijaambiwa.

Jana ukumbi ulikuwa umejaa. Tulikuwa katikati ya wimbo wa taratibu, zamu yake, mimi nazungusha vidole chini chini. Na Bi Verdell alikuwa anapiga kitu ambacho sijawahi kusikia. Mkono wa kushoto ulikuwa umesimama kabisa na wa kulia unatafuta njia peke yake, kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. Hata wazee wa mbele waliacha kutafuna.

Kisha mguu wake wa kushoto ukatoka chini ya piano, ukanyooka, ukainuka.

Nikafunga. Nikamaliza mzunguko na kuupigia ule mwisho wetu wa kuchekesha, ule ambao watoto wote wa huku wanaujua kabla ya kujua kusoma, pam-para-pam-pam, pam pam. Wazi, kwa nguvu, juu ya vidole vyake.

Ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya, wanadhani ilikuwa mzaha wetu. Yeye hakucheka. Alibaki na mkono wake wa kulia hewani, halafu akaurudisha chini na kuendelea peke yake mpaka mwisho alioukusudia, huku watu wakiona haya pole pole, mmoja mmoja. Mimi nilikaa pale na banjo mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa watu.

Alikuwa anapumzisha goti tu. Goti lake linamsumbua kukiwa na baridi.

Babu alisema, "Mguu uliinuka, binti. Hata mimi ningefunga." Alisema mara tatu kabla hatujafika nyumbani, kwa hiyo najua hata yeye haamini.

Jumatatu, 28 Oktoba

Binamu yangu Tate alirekodi. Shule nzima imeona. Kwenye korido wananinyooshea miguu.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilichoandika Jumapili si uongo ila hakijakamilika.

Niliuona uso wake kabla ya mguu. Alikunja uso vile anavyokunja akiinuka kitini kwake, na nilijua ni goti. Nilijua kwa muda mfupi kuliko pumzi, lakini nilijua. Vidole vilitaka kufunga na mimi nikaviacha, kwa sababu wiki nne nimeambiwa ninyamaze, na ule wimbo ulikuwa mzuri sana bila mimi.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 31 Oktoba

Lonnie anayesimamia ukumbi alipita kwa Baba kuuliza habari za miti, akabaki jikoni akizungukazunguka. Hatimaye akasema anafikiria Tate ajaribu Jumamosi moja na Bi Verdell, "ili tuone." Tate ameshinda mashindano ya banjo. Tate anaongea na watu. Tena Baba atanihitaji shambani msimu ukianza, sivyo? Baba akasema ni kweli atanihitaji. Nilikuwa naosha masufuria. Niliendelea kuosha sufuria moja mpaka Lonnie akaondoka.

Mama alikuwa anakunja tamale za wafanyakazi wa shamba, unga wa mahindi ndani ya maganda yake. Akaniambia kwa Kihispania, bila kuinua macho, "Wewe ukiongea unaweka nukta kila baada ya neno. Ukishika banjo huna hata koma. Ungegawana kidogo."

Kila mtu ana la kusema kuhusu kunyamaza kwangu, na wote wanalisema kwa sauti.

Jumapili, 3 Novemba

Jana tulipiga. Bi Verdell alikuwa mpole kwangu kama daktari wa meno. Hakusema lolote la makochi. Afadhali angesema.

Jumamosi, 9 Novemba

Ukataji umeanza. Sakitu kila asubuhi, majani yameganda meupe. Baba anatangulia na msumeno, sisi tunaburuta miti hadi kwenye mashine ya kufunga neti, kisha mabegani, kisha lorini. Utomvu umenigandia mikononi, hautoki kwa sabuni, unatoka kwa mafuta ya kupikia tu. Jioni nilipiga na vidole vinavyonata. Kucha za chuma hazikuhitaji kukazwa, zilishika zenyewe.

Lonnie ametangaza Jumamosi ijayo ni Tate. Bi Verdell alikuwa amesimama hapo hapo, anavaa glavu, na hakupinga. Alisema tu, "Tutaona." Neno lile lile la Lonnie.

Jumanne, 12 Novemba

Theluji kidogo. Malori manne. Nimechoka hata kukasirika.

Jumapili, 17 Novemba

Nilijiambia sitakwenda. Nikaenda. Nilisimama nyuma kabisa karibu na makoti, na matawi yamenasa kwenye nywele.

Tate aliingia akicheka, akamwita Bi Verdell "bibi mrembo," akawauliza watu kama wamekuja na miguu yao. Ukumbi ukacheka. Hata Bi Verdell alitabasamu, tena tabasamu la meno. Mimi hajanipa la meno.

Na Tate anajua banjo, siwezi kusema hajui. Alipiga kila kitu. Piano ikisema, naye anasema. Piano ikivuta pumzi, yeye yumo ndani ya pumzi ile. Kwenye wimbo wa taratibu Bi Verdell alijaribu kile kitu cha kushuka ngazi, akashuka hatua mbili, akakuta banjo imekaa katikati ya njia. Akajaribu upande mwingine. Banjo ikawahi. Nikamwona anarudi juu na kuanza kupiga vitu vya kawaida, vile anavyovipiga akiwa anafikiria chakula cha jioni.

Watu walishangilia sana.

Nilisimama pale kwenye makoti, uso unanichoma, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumsikiliza Tate na nilichosikia ni mimi. Ni mimi kabisa, na mizaha juu. Siku zote hizi nilidhani mwanamke huyu ananionea.

Lakini na hilo linaniudhi. Kujua hakusaidii. Leo nimechukua banjo chumbani nijaribu kuacha nafasi. Naiacha, moyo unapiga, vidole vinaruka kuijaza kama mtu anayepokea simu ya mwenzake.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Verdell baada ya shule bila kualikwa. Nilisimama kibarazani mpaka akanifungulia mwenyewe, akasema anapoteza joto la nyumba kwa ajili ya mtu asiyebisha hodi.

Nilikuwa nimepanga la kusema. Lilipotea lote. Nikasema, "Nilijua ni goti."

Alikaa kwenye kiti chake cha piano, akaunyoosha ule mguu.

"Na mimi nilijua kwamba umejua," akasema. "Nimepiga muziki na wapiga tarumbeta, Inés. Najua mtu akinifungia mlango usoni. Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja kuufungua au utanitumia babu yako."

Nilidhani sasa nitaondoka. Badala yake nikamwambia lile la ukurasa wa kwanza. Lote, na nafasi, na watu kunitazama. Nililisema nusu Kiingereza na nusu Kihispania, kwa sababu kulikuwa na maneno yaliyokuwa yanapatikana upande mmoja tu, na yeye Kihispania hajui. Hakuniuliza maana ya hata neno moja. Nilipomaliza alikuwa anajisugua goti.

"Basi ogopa," akasema. "Nani kakukataza? Mimi mpaka leo kabla ya kuingia ukumbini tumbo linaniendesha. Ila ogopa ukiwa umenyamaza. Usinipigie woga wako kwenye masikio."

Nikamwambia lile la Babu, kwamba banjo haina kanyagio, ikinyamaza imekufa. Mara ya kwanza nimembishia mtu mzima.

"Iache ife. Mimi si nipo?"

Nikauliza kuhusu kufunga. Kama ni mimi au Tate. Akasema Lonnie anamtaka Tate na watu wanamtaka Tate, na kwamba yeye mwenyewe bado ana hasira, hasira za mtu wa umri wake hazitoki kwa mafuta ya kupikia. Alikuwa ameiona mikono yangu. "Njoo Jumamosi. Tutaona."

Nalichukia neno hilo kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 24 Novemba

Jana niliacha nafasi mbili. Ya kwanza niliiacha kwa sababu ukucha wa chuma wa kidole gumba ulianguka. Ya pili kwa makusudi. Ilikuwa fupi na mbaya, na Lonnie alitazama juu akidhani uzi umekatika.

Bi Verdell alipita hapo hapo. Alipenya kama mtu anayewahi mlango wa lifti.

Alipokuwa anafunga kifuniko cha piano akawa anaimba puani.

Ijumaa, 29 Novemba

Lori la mwisho limeondoka. Kilima kimebaki visiki na matope. Baba amelala na viatu.

Jumapili, 1 Desemba

Jana Bi Verdell alimwambia Lonnie mbele yangu. Lonnie alikuwa anamweleza habari za bango, jina la Tate liandikwe juu au chini ya lake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo, kisha akasema, "Andika la Inés."

Lonnie akasema watu watasikitika. Akamjibu kwamba watu walishawahi kusikitika, na wamezoea. Halafu akanigeukia. "Na wewe usidhani nimekusamehe. Nakosa tu pa kupita nikiwa na yule mwingine."

Babu nilimwambia mezani. Alitafuna mkate wake wa mahindi kwa muda, akauliza kama ni kweli nanyamaza katikati ya wimbo siku hizi. Nikasema najaribu. Akasema yeye ataketi mbele na ataona mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayekwenda kutambua maiti.

Jumatano, 4 Desemba

Siwezi kula. Mama amenipikia supu na kukaa nami bila kusema kitu. Sijui kama ni huruma au ananifundisha.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika chumba cha nyuma, juu ya sanduku la banjo. Nimekimbilia huku kama kawaida. Makofi bado yapo, nayasikia ukutani. Niandike haraka kabla hayajaniharibia kumbukumbu.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Nilikuwa na makochi, lakini machache. Tate alikuwa amesimama kwenye makoti, pale pale nilipokuwa mimi, na simu mkononi. Babu mbele, mikono juu ya fimbo.

Wimbo wa taratibu tuliuweka mwisho. Tukaupiga mzunguko wa kwanza pamoja, wa pili zamu yangu, kisha zamu yake. Na hapo nikaondoa mkono kwenye nyuzi, nikauweka gotini.

Banjo ikafa. Niliisikia inavyokufa, haichukui muda. Halafu kukawa na ile nafasi niliyoikimbia maisha yangu yote, kubwa kama shamba lililokwisha kukatwa, na watu wote wakanitazama. Wote. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Sikujaza. Bi Verdell naye hakuharakisha kuingia. Aliniacha humo. Nilimchukia. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kushuka zile ngazi, polepole, na safari hii hapakuwa na kitu njiani. Alishuka mpaka chini. Sikujua kama piano ile mbovu ina chini ya namna ile. Mzunguko mzima, na wa pili, na mimi nimekaa tu na mikono mitupu mbele ya watu, na nilikuwa ninapiga. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo. Nilikuwa ninapiga.

Alinitazama, nikaingia, noti chache, nikimwachia pengo na yeye ananiachia. Tukazunguka hivyo. Na tukazunguka. Nikagundua kwamba hataumaliza. Alikuwa na jasho, anakunja uso, goti linamuuma, mguu wake umekanyaga sakafuni kama umepigiliwa misumari, hauinuki. Akanitazama mara moja kisha akarudisha macho kwenye funguo za piano.

Wimbo ulikuwa wake. Ila aliuacha pale katikati yetu, hana nia ya kuuchukua.

Nikainua mguu.

Wangu. Kiatu cha shamba, utomvu kwenye soli, nikaunyoosha mbele ya watu wote hao, na mguu ulikuwa unatetemeka nikauacha utetemeke. Nilimwona Babu anauona. Na Bi Verdell, ambaye watu wake wa jazi hawaangalii miguu, alikuwa anauangalia. Tukazunguka mara ya mwisho. Pale pa mwisho wetu wa kuchekesha sikupiga kitu. Nikaacha wazi. Naye akaupiga yeye, kwa kidole kimoja, huko juu kabisa kwenye funguo za sauti nyembamba, pam-para-pam-pam.

Zile pam mbili za mwisho hakuna aliyezipiga. Ukumbi wote ulikuwa unazisubiri. Tuliwaacha wasubiri.

Kisha nikakimbia. Sikumwona uso. Sijui kama nimesamehewa, sijui kama

Kuna mtu koridoni. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Polepole, ule wa kushoto, wenye goti lile, anauburuta.

Nilidhani atabisha hodi. Amesimama hapo nje na habishi, hasemi. Nasikia anavyopumua. Najua anafanya nini. Anataka niseme mimi kwanza, na kwa mara ya kwanza ninayo zaidi ya sentensi moja. Naificha karatasi hii chini ya kitambaa cha banjo